Dirishani: niliyojifunza nikiwa karani wa jela ya kaunti huko Texas

Watu wakisikia nafanya kazi jela, huuliza kwanza kama nabeba bastola. Sibebi. Sina pingu wala beji ya askari. Sare yangu ni fulana ya kola yenye nembo ya kaunti, na kitambulisho shingoni. Mimi ni karani raia katika jela ya kaunti moja ya Texas, na kituo changu ni dirishani. Mbele ya kioo husimama ndugu waliokuja kumtafuta mtu wao. Nyuma yangu kuna milango miwili ya chuma, mmoja haufunguki mpaka mwenzake ufungwe, na mtu wao yuko nyuma ya hiyo. Karatasi zake zote hupita mikononi mwa makarani: za kuingia, za mali aliyokuja nayo, za dhamana, za kutoka.

Naandika haya kwa ajili ya watu wetu. Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania wakifika dirishani, naona jambo lilelile: wananyamaza. Wanaona haya hata kulitaja jina la ndugu yao kwa sauti. Wanajibu kwa neno moja, wanashukuru, wanaondoka bila kusema lile jambo moja ambalo askari wa ndani angelihitaji usiku ule. Miaka niliyokaa hapa imenifanya niamini kwamba ukimya huo umewaumiza watu wetu kuliko mashtaka mengi niliyoyaona.

Jela ya kaunti si gereza. Magereza ni ya jimbo, na huko hupelekwa waliohukumiwa vifungo virefu. Jela ya kaunti iko chini ya sherifu, mkuu wa askari wa kaunti, ambaye huku Texas huchaguliwa kwa kura kila miaka minne, na wengi waliomo ni mahabusu: wamekamatwa, wanasubiri mahakama. Katikati ya mwaka 2023 jela za namna hii Marekani nzima zilikuwa na watu zaidi ya 660,000, na karibu 7 kati ya 10 walikuwa bado hawajahukumiwa kwa lolote. Nalisema hili kwa kila mama anayesimama mbele yangu ameinamisha kichwa. Mwanao hajahukumiwa, mama. Nyanyua uso, niambie jina lake.

Na kwenye jina ndipo kazi inapoanza, na ndipo watu wetu wanapopotea kwanza. Mtu ana majina matatu, la kwake, la baba na la babu, na kila hati imeyapanga kivyake. Mwingine aliingia nchini akiwa na jina moja tu kwenye pasipoti, visa yake ikaandikwa FNU, maana yake jina la kwanza halijulikani, na herufi hizo tatu zikamfuata kwenye leseni ya udereva hadi kwenye faili la jela. Tena kuna tarehe ya kuzaliwa. Waliopitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu na Kakuma, wengi wao waliandikishwa bila cheti cha kuzaliwa, wakapewa 1 Januari. Mfumo wetu humtafuta mtu kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Andika jina ambalo nusu ya kijiji cha Kivu wanalo, weka 1 Januari, uone ni wangapi watakaotokea.

Basi mke anafika, anataja jina analomwita mumewe nyumbani. Karani anatafuta, hapati, anamwambia hayupo. Mwanamke anaondoka kwenda kuzunguka hospitali za mji mzima, na mume yuko ghorofa ya pili. Nimejifunza kutolitamka neno hayupo mpaka niwe nimeyageuza majina pande zote, nimetafuta kwa kipande cha jina, nimetafuta kwa siku aliyokamatwa, na nimemwomba ndugu anionyeshe hati yoyote yenye jina lilivyoandikwa na serikali. Picha ya kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, kwenye simu inatosha. Wenzangu wengine huona napoteza muda. Foleni ni ndefu, ni kweli, lakini mtu asiyeonekana kwenye kompyuta hana wa kumwekea dhamana wala wa kumtafutia wakili.

Kosa la kumbukumbu linaweza kumla mtu vibaya zaidi ya hapo. Kuna kesi ya huku huku Texas ambayo kila karani wa jela angepaswa kuijua. Mwaka 2002 Walter Rothgery alikamatwa katika Kaunti ya Gillespie kwa kumiliki silaha akiwa amewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa. Hakuwahi kutiwa hatiani. Kumbukumbu iliyotegemewa ilikuwa na makosa, kwani kesi yake ya zamani ya California ilikuwa imefutwa. Aliomba wakili kwa mdomo na kwa maandishi, hakupewa. Baadaye alikamatwa tena kwa jambo hilohilo, dhamana ikapandishwa hadi dola 15,000, akashindwa kulipa, akakaa ndani wiki 3. Alipopata wakili hatimaye, wakili alikusanya karatasi zilizoonyesha ukweli, na mashtaka yakafutwa. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 2008 kwamba haki ya kuwa na wakili huanza pale mtu anapofikishwa mbele ya hakimu kwa mara ya kwanza. Ninapolinganisha hati ya kukamatwa na mtu aliyeletwa, nikaona jina linafanana, tarehe ni 1 Januari, lakini urefu na alama mwilini haviendani, naomba alama za vidole zilinganishwe kabla sijaendelea. Sijali nani ananikunjia uso.

Mambo mengine ya karatasi ni mepesi kidogo. Pete ya harusi huandikwa pete ya madini ya njano, kamwe si dhahabu, kwa sababu karani si sonara. Mikanda na kamba za viatu huingia kwenye mfuko pamoja na simu. Na hiyo simu ndiyo yenye namba zote. Mtu mzima anapewa nafasi ya kupiga simu, na hakumbuki namba hata moja, ya mkewe wala ya ndugu yake. Nimeliona hilo mara nyingi mno. Karirini namba mbili. Wafundisheni na watoto.

Kuhusu simu, kuna jambo jingine ambalo watu wetu hawalijui. Mazungumzo yote ya mahabusu na ndugu zake hurekodiwa, isipokuwa yale ya wakili wake. Kuna tangazo mwanzoni mwa kila simu, kwa Kiingereza na Kihispania, na wengi hawalielewi au wanalipuuza. Kisha wanaanza kwa Kiswahili, kwa Kibembe, kwa Kinyarwanda, wakidhani hakuna atakayeelewa: ilikuwaje usiku ule, nani alianza, kitu kile kimefichwa wapi. Mwendesha mashtaka akiutaka mkanda ule ataupata, na mkalimani atapatikana. Mwulize ndugu yako kama amekula, mwambie watoto hawajambo, ya kesi myaache yasubiri wakili.

Bei ya simu hizo nayo ilikuwa mzigo kwa familia maskini miaka mingi. Bibi mmoja wa Washington, Martha Wright, alipigania jambo hilo kwa sababu alitaka kuzungumza na mjukuu wake aliyekuwa gerezani. Sheria inayobeba jina lake ilisainiwa Januari 2023, yeye akiwa ameshafariki, na iliipa tume ya mawasiliano ya Marekani uwezo wa kusimamia bei za simu za magereza na jela hata zile za ndani ya jimbo moja. Huwa namtaja bibi huyo kwa akina mama wa kwetu wanaodhani mtu mdogo hawezi kusukuma jambo kubwa.

Sasa niseme kuhusu wale walio ndani, maana karani raia hukutana nao kila siku, na mafunzo yetu ya mwanzo yalihusu hilo zaidi ya kompyuta. Tunafundishwa sheria ya mwaka 2003 inayokomesha udhalilishaji wa kingono magerezani, na kwamba kwa mfanyakazi wa jela hakuna kitu kinachoitwa ridhaa ya mfungwa, mfanyakazi huyo awe ana bunduki au ana kalamu. Tunafundishwa pia namna mtu anavyoanza na ombi dogo. Nipigie simu hii moja tu. Nipe kalamu. Kesho ombi linakuwa kubwa, na kesho kutwa anakukumbusha la jana. Raia ndio wanaojaribiwa zaidi, kwa kuwa hatuna mazoea ya amri kama askari. Nilikubaliana na yote, ila nilijiuliza nitafanyaje na salamu. Mimi ni mtu wa Tanga. Sijui kumpita mzee kama nimepita nguzo.

Jibu nililipata zamu moja ya usiku. Askari wa mapokezi walikuwa na mzee wa Kirundi aliyekataa kujibu swali lolote. Fomu ilikuwa karibu kuandikwa kwamba amegoma. Nilikuwa napita na karatasi zangu, nikamtazama alivyokaa, mikono juu ya magoti, nikasema, "Shikamoo mzee."

Alinyanyua macho. "Marahaba, mwanangu."

Alikuwa mmoja wa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wakaishia kambi za Kigoma, kisha wakaletwa Marekani kuanzia 2007. Hakuwa mkaidi. Alikuwa haelewi kinachoulizwa, na mtu aliyeishi miaka mingi chini ya askari wa kambi amejifunza kwamba kunyamaza ndiyo salama. Nilimwambia sajenti mambo mawili: lugha yake ya kwanza ni Kirundi, Kiswahili ni cha pili, na aitiwe mkalimani wa simu. Sikumtafsiria mimi. Kaunti ina huduma ya wakalimani, na majibu ya afya na ya kisheria si ya karani kuyabeba mdomoni, kwa sababu nikikosea, kosa langu linakuwa jibu lake. Mkalimani alipopatikana, mzee alieleza kwamba ana kisukari na hujidunga insulini kila asubuhi. Muuguzi aliitwa palepale.

Tangu hapo nawasalimu wote. Nasalimu, nauliza ninachotakiwa kuuliza, naendelea na kazi. Hakuna sheria ya jela inayokataza salamu, na hakuna aliyewahi kuigeuza salamu yangu kuwa deni.

Dhamana ndiyo huleta watu wengi dirishani, na ndipo ninapobanwa zaidi, maana karani haruhusiwi kutoa ushauri wa kisheria. Naweza kusema kiasi kilichowekwa. Siwezi kusema fanya hivi au usifanye. Kati ya hayo mawili kuna uwanja mpana, na nimejifunza kuutumia wote.

Kwa sheria ya Texas mtu aliyekamatwa anatakiwa afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48. Hakimu humweleza mashtaka, humwambia ana haki ya wakili, na kama hana uwezo anaweza kuomba anayelipiwa na kaunti. Hapo ndipo kiasi cha dhamana hutajwa. Tuseme ni dola 5,000. Familia ina njia ya kulipa zote taslimu, na zitarudi kesi ikiisha endapo mshtakiwa alihudhuria mahakamani kila alipoitwa. Au inaweza kwenda kwa wakala wa dhamana, ambaye kwa kawaida huchukua asilimia 10 au zaidi, tuseme dola 500, na hizo hazirudi hata kama mashtaka yatafutwa kesho yake. Wakati mwingine hakimu humwachia mtu ajidhamini mwenyewe kwa neno lake. Ofisi za mawakala zimepangana mbele ya jela, taa zinawaka usiku kucha, na watu wetu huingia ya kwanza wanayoiona bila kuuliza kama kuna njia nyingine.

Wakilipa taslimu huja na fedha za mchango. Kikundi cha WhatsApp kimechangishana tangu jioni, huyu 50, yule 200, kanisa limeongeza, na kijana mmoja mwenye gari ametumwa kuleta. Risiti inaandikwa kwa jina la kijana. Mwaka unapita, kesi inaisha, na hundi ya kaunti inakwenda kwa mwenye jina kwenye risiti, kwa sababu ndivyo sheria inavyosema. Kijana amehama jimbo. Au yupo lakini ana madeni yake. Nimesikia ndugu waliokula sahani moja wakigombana kwa sababu ya karatasi ile. Kwa hiyo kabla sijaandika herufi ya kwanza nasema, taratibu na kwa Kiswahili kama wanakielewa: jina nitakaloandika hapa ndilo litakalorudishiwa fedha, mmekubaliana ni nani? Mara nyingi wanarudi nyuma wanapiga simu. Huwa nasubiri.

Lipo gumu kuliko hilo. Mtu asiye raia wa Marekani anapoandikishwa, alama zake za vidole hufika pia kwa idara ya uhamiaji, na idara hiyo inaweza kuleta zuio: jela ikimaliza naye, imshikilie hadi saa 48 zaidi ili waje kumchukua. Texas ilipitisha sheria mwaka 2017 inayozilazimu jela kuyatekeleza mazuio hayo. Familia haijui. Inakusanya fedha kwa shida, inamlipa wakala, inapika chakula cha kumpokea, na mtu anatoka mlango wa jela kwenda kwenye gari la uhamiaji. Fedha ya wakala imekwenda.

Siruhusiwi kumwambia mtu asilipe. Lakini akiniuliza kama kuna zuio jingine juu ya ndugu yake, kwetu hilo ni swali la kumbukumbu na nina wajibu wa kulijibu. Kwa hiyo nawaomba wote mnaosoma: ulizeni. Simama mbele ya kioo, sema, "Je, kuna zuio lolote lingine kwenye faili lake?" Kisha mpigie wakili wa uhamiaji kabla ya kumlipa yeyote. Na ndugu yako asikubali kosa haraka ili atoke mapema. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2010, katika kesi ya José Padilla dhidi ya Kentucky, kwamba wakili wa jinai anatakiwa kumweleza mteja asiye raia kama kukubali kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Mtu amwulize wakili wake swali hilo waziwazi. Kuna kosa ambalo kwa raia ni siku chache za jela na kwa mwenye kadi ya kijani ni kurudishwa nchi aliyoikimbia.

Nikiwa hapo kwenye uraia, kuna swali la ubalozi, nalo huwashtua watu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unataka mgeni aliyekamatwa aelezwe bila kuchelewa kwamba anaweza kuomba ubalozi wake uarifiwe. Kwa baadhi ya nchi Marekani ina makubaliano ya ziada: lazima ubalozi uarifiwe, mtu atake asitake. Tanzania imo kwenye orodha hiyo, pamoja na Zambia, Zimbabwe na Nigeria. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazimo, wao huulizwa na hujibu ndiyo au hapana. Texas ina historia nzito kuhusu jambo hili. José Ernesto Medellín, raia wa Mexico, hakuelezwa haki hiyo alipokamatwa Houston mwaka 1993 kwa mauaji ya wasichana wawili. Mexico ilishinda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2004, shauri likafika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na bado aliuawa kwa sindano ya sumu Agosti 2008. Uhalifu ule ulikuwa wa kutisha na sitetei. Ninasema tu kwamba kile kisanduku kimoja kwenye fomu, ambacho karani aliyechoka anaweza kukiruka saa tisa usiku, kimefikisha mataifa mawili mahakamani.

Ukimwuliza mkimbizi wa Kongo kuhusu ubalozi, kwanza anaogopa. Anadhani tunamrudisha kwa waliomfukuza. Namweleza kwamba kwake ni hiari, na kwamba maombi ya hifadhi hayatakiwi kufichuliwa kwa serikali ya nchi yake kwa hali yoyote. Watanzania nao huniuliza kwa hasira kwa nini nimeuarifu ubalozi wetu Washington bila ruhusa yao. Ni kwa sababu serikali zetu zilikubaliana hivyo. Ubalozi hauwezi kukutoa jela, lakini unaweza kukutafutia orodha ya mawakili na kuwafikia wazazi Tanga au Mbeya wasiojua uko wapi.

Nimeacha mwisho jambo ninalolijali kuliko yote hayo.

Sandra Bland alikamatwa Waller, kaunti moja ya hapa Texas, tarehe 10 Julai 2015, baada ya kusimamishwa barabarani kwa kutoonyesha ishara wakati wa kubadili njia. Dhamana yake ilikuwa dola 5,000. Karibu dola 500 zingemtoa. Alisema kwenye mapokezi kwamba aliwahi kujaribu kujiua. Hakuwekwa kwenye uangalizi maalumu. Tarehe 13 Julai alikutwa amekufa, na uchunguzi ukasema alijinyonga. Tume inayosimamia viwango vya jela Texas ililaumu jela ile kwa kutomwangalia mahabusu ana kwa ana kila baada ya dakika 60 kama inavyotakiwa. Kwa walio hatarini, muda ni dakika 30. Mwaka 2017 Texas ilipitisha sheria yenye jina lake, na sasa inatakiwa ukaguzi wa vyumba uthibitishwe kwa vifaa vya elektroniki, na kifo cha ndani ya jela kichunguzwe na chombo cha nje.

Askari hawezi kuwa macho juu ya jambo asilolijua. Saa za kwanza ndizo mbaya zaidi: mtu ametolewa kwenye pombe au dawa, au amepata aibu ambayo hajawahi kuipata maishani, na kichwa chake hakiko sawa. Ndani, akiulizwa kama ana mawazo ya kujidhuru, kijana wa kwetu atasema hapana. Atasema hapana hata kama jana yake alisema ndiyo kwa mama yake. Na huyo mama amesimama mbele yangu. Anajua mwanawe aliwahi kulazwa, anajua anakunywa vidonge vya akili, anajua alisema hataamka kesho. Ananyamaza, kwa sababu baba mdogo amesimama naye na jambo hilo halizungumzwi kwenye ukoo. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nimekiogopa kilio hicho kila zamu.

Kwa hiyo siku hizi siwaachi waondoke kimya. Nikishawapa kiasi cha dhamana na tarehe ya mahakama, nauliza mimi: ana ugonjwa wowote? Anatumia dawa gani? Amewahi kusema atajidhuru? Nauliza kwa sauti ya kawaida kama ninavyouliza anwani. Kama baba mdogo yuko karibu, namwomba asogee kwenye kiti, namwambia nahitaji saini ya mama peke yake. Anachoniambia nakiandika pamoja na saa, nampigia sajenti wa zamu, naandika na jina la aliyepokea simu. Kazi yangu inaishia hapo, lakini kwenye saa ile nambeba mtu yule kama yai mkononi. Sajenti mmoja, ambaye mwanzoni aliona simu zangu ni nyingi, sasa hunipigia yeye: "Familia imesema chochote?"

Mwaka jana, kwa ruhusa ya mkuu wangu, nilialikwa na jumuiya ya Waafrika Mashariki wa hapa tunapoishi kueleza mambo haya. Tulikutana ukumbi wa kanisa baada ya ibada. Walikuja wengi kuliko viti. Nilitarajia maswali ya dhamana, na yalikuwepo, lakini swali lililochukua muda mrefu liliulizwa na mama mmoja wa Kirundi mwenye mtoto wa kiume anayetibiwa kifafa. Alitaka kujua atafanyaje siku mwanawe akikamatwa na yeye hajui kuuita ugonjwa ule kwa Kiingereza, wala jina la dawa hawezi kulitamka.

Nilimwambia atoe simu yake akifika nyumbani, apige picha ya kibandiko cha chupa ya dawa, kile chenye jina la dawa, kipimo na namba ya famasia, aihifadhi na amtumie na mtoto wake mkubwa. Siku hiyo ikija, asitamke kitu. Aniwekee picha kwenye kioo, mimi au karani yeyote atakayekuwepo, na aseme neno moja ambalo kila mtu pale analielewa: daktari. Muuguzi ataipigia famasia simu. Mama alinitaka nirudie, mwanamke aliyekaa pembeni yake akaitafsiri kwa Kirundi, kisha wote wawili wakaanza kutafuta kamera kwenye simu zao.